Tusichome Kitabu Kabla ya Kuuliza

Mama mmoja wa mtaa wetu alitujia baada ya swala ya Alasiri, mkobani ana kitabu kinene. Alikikuta chini ya mto wa binti yake, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, aliyekuja nyumbani likizo. "Ustadhi, nikichome moto?" Tulimwomba atuazime kwa siku chache, tukakisoma.

Ni riwaya iitwayo Ninth House, ya Leigh Bardugo wa Marekani, iliyotoka mwaka 2019. Mwandishi alisoma Chuo Kikuu cha Yale, mjini New Haven, na huko ndiko alikoiweka hadithi yake. Yale ina vyama vya siri vya kweli. Kimojawapo, Skull and Bones, kiliasisiwa mwaka 1832, na jumba lake huitwa Kaburi. Mwaka 2004 wagombea wawili wakuu wa urais wa Marekani, George W. Bush na John Kerry, wote walikuwa wametokana na chama hicho. Juu ya ukweli huo mwandishi amejenga jambo la kubuni: kwamba vyama hivyo hufanya uchawi, na humo ndimo nguvu zao zilimo. Mapema kabisa tunawakuta wapiga ramli wakichungulia matumbo ya mgonjwa aliye hai ili wabashiri soko la hisa.

Alex Stern, msichana fukara anayeona mizuka, amepewa nafasi ya masomo ili asaidie kuvisimamia vyama hivyo. Msichana wa mjini anapouawa, wakubwa wanapenda jambo lipite kimya, kwani marehemu hakuwa mwanafunzi wala mtoto wa mwenye jina. Alex anakataa.

Kwetu sihri si mchezo. Mtume (s.a.w.) aliihesabu miongoni mwa madhambi saba yenye kuangamiza, na Suratul Baqara, aya ya 102, inatuonya kwa habari za Babil. Lakini riwaya hii haiupambi uchawi. Kila tambiko lina gharama, na mara nyingi anayelipa ni mnyonge. Hata hivyo, wazazi wafahamu kwamba mwandishi huyu alijulikana kwanza kwa vitabu vya vijana, ilhali hiki amewaandikia watu wazima. Kina ubakaji, dawa za kulevya na mauaji. Si kitabu cha kumwachia mtoto.

Tulikirudisha, tukamnasihi mama amuulize binti yake kwa upole kilichomvutia. Siku ya pili akaja kutueleza. Binti amejibu kwamba hakushikwa na ramli. Ameshikwa na Alex, maskini aliyetupwa miongoni mwa watoto wa matajiri, asiyejua avae nini wala aseme nini. "Sikujua kama naye anaishi hivyo huko chuoni," alisema mama, akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Ndugu wazazi, tuwakataze watoto wetu yanayostahili kukatazwa. Ila tuulize kwanza, kisha tukae tusikilize jibu. Wabillahi tawfiq.