Funguo za Tovuti ni Amana



Katika zama zetu hizi ni chache jumuiya, madrasa au duka zisizotamani kuwa na tovuti katika intaneti. Jambo hili ni jema. Mzazi aliye safarini huiona ratiba ya masomo ya mwanawe, na mgeni huujua msikiti ulipo kabla hajafika mjini. Lakini twaona kwamba watu wengi hufanya bidii kubwa kuipamba tovuti, wala hawaulizi swali lililo kubwa kuliko mapambo yote: ni nani aliyeshika funguo zake? Sisi tulijifunza kuuliza swali hilo baada ya kupatwa, na twapenda wenzetu walijue kabla hawajapatwa.

Madrasa tunayofundisha ilitengenezewa tovuti na kijana mmoja aliyejitolea. Hakutaka ujira, na kazi yake ilikuwa nzuri. Humo mlikuwamo ratiba, matangazo ya mwezi wa Ramadhani, na daftari la wanafunzi lenye majina ya watoto na nambari za simu za wazazi wao. Baada ya mwaka mmoja kijana yule akapata kazi katika nchi nyingine. Akatuaga, tukamwombea dua, na hapana hata mmoja wetu aliyekumbuka kumwuliza habari za funguo.

Ikapita miaka miwili. Asubuhi moja mama mmoja akaja madrasa, akatuita pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nilifungua ukurasa wenu mbele ya wanangu ili nitazame siku ya mtihani, nikakuta matangazo ya kamari."

Tulitaka kuyafuta saa ile ile, lakini hatukuweza kuingia. Neno la siri hatukulijua, na ujumbe wa kulibadili ulikuwa ukienda katika sanduku la baruapepe ambalo kijana alikwisha kuliacha zamani. Ikatubidi kuiandikia kampuni iliyotukodishia nafasi, nayo ikataka vithibitisho kwamba tovuti ni yetu. Tulikaa siku kumi na moja nje ya nyumba yetu wenyewe, tukiwatazama wageni waliomo ndani.

Kijana hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu sisi wazee, tuliodhani kwamba mambo ya kompyuta ni ya vijana peke yao. Mwandishi wa makala haya hakusoma zaidi ya chuo cha Kurani na shule ya msingi. Hata hivyo, baada ya msiba ule alikaa na fundi jioni kadhaa akafundishwa, na akaona kwamba mambo yenyewe hayapiti akili ya mtu yeyote awezaye kutunza nyumba.

Tovuti nyingi za leo haziandikwi ukurasa kwa ukurasa kwa mkono wa fundi. Huendeshwa kwa programu maalumu, na iliyoenea kupita zote ni WordPress, iliyotolewa mara ya kwanza tarehe 27 Mei 2003 na Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza. Leo yaendesha zaidi ya tovuti 40 katika kila 100 duniani. Programu yenyewe ni ya bure, na ina chumba cha ndani penye mipangilio yote: jina la tovuti, saa zake, watu wake na milango yake.

Wingi huo ndio unaowavuta wezi. Mwizi wa intaneti hamjui mwenye nyumba wala hamchukii. Hutuma programu izungukayo usiku na mchana ikijaribu kitasa cha kila mlango, na palipo na mlango uliosahauliwa huingia. Kwa hiyo asiseme mtu, "Tovuti yetu ni ndogo, nani ataitaka?" Ya kwetu ilikuwa ndogo.

Basi yatazamwe mambo haya, moja baada ya jingine.

La kwanza ni anwani ya baruapepe ya msimamizi, iliyo katika mipangilio ya jumla. Hapo ndipo programu hupeleka maonyo yake. Tena kila mtumiaji ana anwani yake, na mtu akisahau neno la siri, njia ya kuliweka jipya hutumwa huko. Yafaa anwani ya msimamizi iwe ya jumuiya, isomwe na watu wawili waaminifu, isiwe ya mtu mmoja awezaye kusafiri, kuugua au kufa. Kadhalika jina la tovuti lililosajiliwa na mkataba wa nafasi iliyokodishwa viandikwe kwa jumuiya yenyewe.

La pili ni watu na daraja zao. Wazee wetu wa pwani walipojenga nyumba waliweka baraza, kisha ukumbi, kisha ndani. Mpita njia hukaa barazani, rafiki hukaribishwa ukumbini, na ndani huingia wenyewe. WordPress nayo ina daraja tano. Msimamizi hufanya kila kitu, hata kuifuta tovuti yote. Mhariri hurekebisha na kutoa maandishi ya watu wote, lakini haigusi mipangilio. Mwandishi hutoa maandishi yake mwenyewe tu. Mchangiaji huandika, lakini hawezi kutoa mpaka mkubwa wake akubali. Wa mwisho ni msajiliwa, ambaye husoma tu na kutunza habari zake mwenyewe. Kosa lililoenea ni kumpa kila mtu usimamizi kwa kuona haya kumnyima. Mwalimu anayeandika matangazo apewe daraja ya mwandishi, na hapana dharau ndani yake. Na aondokaye kazini, daraja yake iondolewe siku ile ile kwa heshima. Sisi tulipofungua orodha yetu tulikuta msimamizi mmoja ambaye hapana aliyemjua.

La tatu ni mlango wa kujiandikisha. Katika mipangilio ile ile ya jumla kuna kisanduku kidogo kinachouliza kama mtu yeyote aweza kujiandikisha, na chini yake huchaguliwa daraja atakayopewa mgeni. Programu ikiwa mpya, kisanduku huwa kitupu na daraja iliyochaguliwa ni ile ya chini. Kama hamna haja, yaacheni hivyo.

Novemba 2018 yalitokea mambo ya kuzingatiwa. Kulikuwa na kiongezo, au plagini kama mafundi wasemavyo, kiitwacho WP GDPR Compliance, kilichowekwa katika tovuti zaidi ya 100,000. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wenye tovuti kuitii sheria ya Ulaya ya kulinda habari za watu. Ndani yake mlikuwa na kasoro iliyomwezesha mtu wa nje kubadili mipangilio. Wezi wakatia alama katika kile kisanduku, wakaweka kwamba kila mgeni awe msimamizi, wakajiandikisha. Kisha baadhi yao wakairudisha mipangilio kama ilivyokuwa, ili mwenye nyumba asishuku. Aliyetazama mipangilio peke yake hakuona kitu. Aliyetazama na orodha ya watu aliwaona. Kwa hiyo viwili hivyo vitazamwe pamoja kila mwezi.

La nne ni matoleo mapya. Hapa ndipo hasa tulipoangamia sisi, kwani plagini zetu mbili zilikuwa hazijaguswa tangu kijana aondoke. Kila programu ina kasoro, na watengenezaji huzirekebisha kila zinapogunduliwa. Tangu toleo la 3.7 la Oktoba 2013, WordPress huweza kupokea yenyewe marekebisho ya usalama, na tangu toleo la 5.5 la Agosti 2020 mwenye tovuti aweza kuruhusu plagini nazo zifanye hivyo. Iko mifano miwili ya kuonyesha thamani yake.

Tarehe 26 Januari 2017 lilitoka toleo la 4.7.2, lililoziba kasoro iliyomwezesha mtu yeyote kubadili maandishi ya tovuti bila neno la siri. Watengenezaji waliificha habari ya kasoro hiyo mpaka tarehe 1 Februari, ili tovuti nyingi zipate kujirekebisha kwanza. Zilizojirekebisha zilisalimika. Zilizobaki nyuma zilivamiwa, na kwa siku chache zilihesabiwa kurasa zaidi ya milioni moja zilizoandikwa maneno ya wahuni. Mfano wa pili ni wa programu nyingine iitwayo Drupal. Kasoro yake kubwa ilitangazwa pamoja na dawa yake tarehe 15 Oktoba 2014. Na wiki mbili baadaye walinzi wake wakasema kwamba tovuti ambayo haikurekebishwa ndani ya saa 7 za kwanza ihesabiwe imekwisha kuingiliwa. Saa 7 ni kutoka asubuhi mpaka adhuhuri. Hapana mwalimu awezaye kuvizia hivyo, basi programu na iachiwe ijirekebishe yenyewe. Na plagini isiyotumika ifutwe, isizimwe tu. Maana faili zake hubaki ndani na kasoro zake.

La tano ni neno la siri. Kabla ya toleo la 3.0 la mwaka 2010, kila tovuti ya WordPress ilianza na jina moja la msimamizi, yaani "admin", na mpaka leo wezi huanza kujaribu na jina hilo. Tena programu yenyewe haimzuii mtu kujaribu maneno mara elfu. Basi chagueni jina jingine, na neno refu lisilotumika pengine popote, na muongeze plagini ya kupunguza majaribio na ya kudai nambari ya pili kutoka katika simu ya mwenyewe.

La sita ni kufuli la njia. Anwani ya tovuti ianze kwa herufi "https", ndipo yanayoandikwa yasisomwe njiani. Hati yake hutolewa bure na Let's Encrypt, shirika lisilotafuta faida, lililowafungulia watu wote milango Desemba 2015.

La saba ni akiba. Nakala ya tovuti ina sehemu mbili, faili na hifadhidata, na moja haifai bila ya nyingine. Iwekwe mbali na tovuti yenyewe, kwani anayeunguliwa na nyumba huunguliwa na sanduku lililomo. Na ijaribiwe kurudishwa, angalau mara moja kwa mwaka.

Liko na dogo la kuongeza. WordPress mpya kwa kawaida huhesabu saa za dunia, ambazo kwetu Afrika Mashariki ziko nyuma kwa saa 3. Tangazo lililopangwa litoke saa kumi na mbili asubuhi litatoka saa tatu, watu wamekwisha kutawanyika. Wekeni saa za Nairobi au za Dar es Salaam.

Mwisho twarudi kwenye daftari lile la watoto. Hatukuweza kujua kama wezi walilisoma. Tuliwakusanya wazazi tukawaambia ukweli, na ilikuwa siku nzito kwetu, kwa kuwa baba mmoja alituuliza, "Mliliweka huko kwa haja gani?" nasi hatukuwa na jibu. Habari za watu ni amana, na sheria nazo zimekwisha kulisema hilo, Kenya mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Daftari sasa ni la karatasi, limo kabatini. Maneno ya siri yameandikwa na kutiwa katika bahasha mbili, moja kwa mwalimu mkuu na moja kwa katibu, na Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi sisi wawili hukaa na fundi tukapitia mambo haya saba. Kazi yote haifiki saa moja.

Basi, ndugu msomaji, kama mna tovuti, ulizaneni leo kabla ya kulala: ni nani aliyeshika funguo? Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.