TAARIFA KWA WATUMISHI NA WANANCHI: KOMPYUTA INAPORIKODI BILA YA SAUTI

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanakumbushwa kwamba sauti inayorikodiwa katika mikutano na mahojiano na wazee ni amana. Mzee aliyekwisha kueleza historia ya mtaa wake pengine asipatikane tena kuirejea. Ni hasara kubwa, basi, faili la saa nzima linapofunguliwa na kukutwa kimya. Mara nyingi kompyuta huwa haikuharibika, bali sauti imezuilika njiani. Ukaguzi ufanywe kwa utaratibu ufuatao.

Kwanza, utazamwe mchoro wa mawimbi katika programu ya kurikodia. Ukionesha milima na mabonde, sauti imo, na kasoro itafutwe kwenye spika. Ukiwa ni mstari ulionyooka, sauti haikuingia kabisa.

Pili, zikaguliwe waya. Katika kompyuta nyingi za mezani, tundu la rangi ya waridi ni la maikrofoni na la kijani ni la spika. Kompyuta nyingi za mkononi zina tundu moja kwa kazi zote mbili, nalo huhitaji plagi yenye sehemu nne za chuma. Plagi ya sehemu tatu mara nyingi hainasi kitu. Aidha, maikrofoni nyingine zina swichi yake, nayo iwe imewashwa.

Tatu, katika mipangilio ya sauti kithibitishwe chombo kilichochaguliwa. Yawezekana kompyuta inasikiliza maikrofoni yake ya ndani, au chombo kisichokuwapo. Mtu aseme maneno machache. Kipimo kisipotikisika, kiwango cha sauti kipandishwe au chombo kibadilishwe.

Nne, itazamwe ruhusa. Windows 10 ya mwaka 2015, Windows 11 ya mwaka 2021, na kompyuta za Apple tangu macOS Mojave ya mwaka 2018, zina mipangilio ya faragha inayoweza kuinyima programu maikrofoni. Programu iliyonyimwa huweza kuendelea kurikodi huku ikinasa kimya kitupu.

Tano, programu kama Audacity ina mahali pake pa kuchagua maikrofoni, napo pakaguliwe. Vilevile zifungwe programu nyingine zinazoweza kuwa zimeishika maikrofoni hiyo.

Inasisitizwa kwamba kabla ya kila kikao zirikodiwe sekunde 10 na zisikilizwe, na simu iwekwe kando kuwa akiba. Sauti ambayo haikuingia hairejesheki kwa ufundi wowote. Likitokea hilo, waliohudhuria wakae siku hiyo hiyo waandike waliyoyasikia, kabla kumbukumbu haijafifia.

Tahadhari kabla ya hatari.