Sura ya 7: “Eat out” na Jamaa Zake

Kitenzi cha Kiingereza “eat out” maana yake ni kula mgahawani badala ya kula nyumbani. Hakihusiani na jua wala upepo. Anayekula muhogo kibarazani kwake, jua likimchoma utosi, hajafanya “eat out”. Aliyejifungia na kiyoyozi kwenye mgahawa wa ghorofani amefanya. Kosa la kudhani kwamba ni kula nje ya nyumba hulelewa na zile orodha za kukariri zinazoahidi Kiingereza fasaha kwa wiki moja, zikidai kwamba “out” ni “nje” popote iwapo. Ni upuuzi mtupu. Kinachoachwa hapa ni jiko la nyumbani, si paa. Kula nje hasa, uani au bustanini, ni “eat outside”.

Agosti 2020 serikali ya Uingereza ililiweka jambo hili kwenye mizani ya fedha. Katika mpango ulioitwa “Eat Out to Help Out”, uliotangazwa na Waziri wa Fedha Rishi Sunak ili kuinua migahawa iliyoumizwa na Korona, mlaji alipunguziwa nusu ya bei, isizidi pauni 10 kwa kichwa, kila Jumatatu hadi Jumatano. Pombe haikuhusika. Aliyekaa mezani alipata punguzo, iwe meza ya ndani au ile iliyotolewa barabarani. Aliyesema “nifungie” akaenda kula bustanini hakupata kitu, ingawa yeye ndiye aliyekula nje kuliko wote. Maneno yale mawili yalitafsiriwa na risiti, na hakuna kamusi iliyowahi kuyafafanua vizuri zaidi.

Kinyume chake, “eat in”, kina maana mbili. Nyumbani ni kutotoka kwenda mgahawani. Kwenye kaunta ya mkahawa wa London, “Eat in or take away?” ni kuulizwa kama mteja atakula hapohapo au atafungiwa. Jibu lina bei yake: sandwichi baridi ya kubeba haitozwi kodi ya ongezeko la thamani, ila ikiliwa pale hutozwa asilimia 20.

Kisarufi, “eat out” hakibebi chakula mgongoni. Husemwa “We ate out on Friday”. “We ate out pilau” ni kosa. Mtu naye asiwekwe baada yake, maana hapo kauli hugeuka lugha ya chumbani.

“Dine out” ni kauli ya heshima zaidi, na zamani ilihusu hata kualikwa chakula cha jioni kwa watu. Ndipo ikazaliwa “dine out on”: mwenye kisa kitamu hualikwa meza hadi meza ili akisimulie, na kisa ndicho kinachomlisha. Siku hizi mwaliko si lazima. “He dined out on that story for years” ni kusema kwamba alijipatia sifa kwa kisa hicho miaka mingi, hata kama kila siku alikula kwake.