Jezi, Zabuni na Tajiri: Hesabu za Simba na Yanga

Kila msimu mpya wa ligi unapokaribia, maduka ya nguo ya Kariakoo hugeuka kijani, njano na nyekundu. Mfanyabiashara anayekosea kukadiria mzigo wa jezi hulipia kosa hilo msimu mzima, kwa sababu toleo jipya likizinduliwa, la zamani hushuka bei papo hapo.

Biashara hii imesimama juu ya klabu mbili zilizoota mizizi eneo hili hili. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na makao yake yako Jangwani. Simba ilifuata mwaka 1936 na hadi mwaka 1971 iliitwa Sunderland; jengo lake liko Mtaa wa Msimbazi. Kwa miongo mingi ziliishi kwa viingilio vya mlangoni, michango ya wanachama na mifuko ya wafadhili. Tajiri akinuna, usajili ulikwama.

Sasa vyanzo vimeongezeka. Mwaka 2021 Shirikisho la Soka Tanzania lilisaini na Azam Media mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Mwaka 2022 Yanga iliongeza mkataba na SportPesa kwa miaka mitatu, takriban Sh12.3 bilioni, Simba ikasaini na M-Bet miaka mitano kwa takriban Sh26.1 bilioni. Fedha za kifuani mwa jezi, kwa maana hiyo, zilitoka kwenye kampuni za kubashiri, sekta ambayo badiliko moja la kodi au kanuni linaweza kuitikisa.

Upande wa jezi, Kariakoo yenyewe imeingia mezani. Zabuni ya jezi za Simba ilikwenda kwa kampuni ya Vunja Bei mwaka 2021, kisha Sandaland mwaka 2023, kisha Jayrutty mwaka 2025. Yanga inavalishwa na GSM, ambayo pia ni mdhamini wake. Mzabuni huilipa klabu kiasi walichokubaliana, kisha anatengeneza, anasambaza na kubeba hasara ya mzigo usiouzika. Adui wake mkubwa ni jezi feki inayouzwa kwa bei ya chini hatua chache kutoka dukani kwake. Kila feki inayonunuliwa hushusha dau la zabuni ijayo, na anayeumia mwishowe ni klabu.

Umiliki nao umebadilika. Desemba 2017 mfanyabiashara Mohammed Dewji alishinda zabuni ya kununua asilimia 49 ya Simba kwa Sh20 bilioni, wanachama wakibaki na 51. Fedha za matajiri na wadhamini zimechangia kuzipeleka klabu zetu mbali: Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, Simba mwaka 2025.

Lakini Italia inatupa onyo. Parma, klabu ya mji mdogo, ilitwaa Kombe la UEFA mwaka 1995 na 1999 kwa fedha za Parmalat, kampuni ya maziwa. Parmalat ilipoanguka mwishoni mwa mwaka 2003, klabu ikaanguka nayo, na mwaka 2015 ikafilisika tena. Juventus nayo imekuwa na familia ya Agnelli tangu mwaka 1923, lakini hisa zake zimo sokoni tangu 2001 na tangu 2011 inachezea uwanja wake. Hisa zikiwa sokoni, hesabu zake husomwa na kila mtu.

Hapo ndipo Simba na Yanga zimechelewa. Azam FC ina uwanja wake Chamazi. Vigogo hawa bado wanategemea viwanja vya wengine, ukiwemo Uwanja wa Benjamin Mkapa, mali ya serikali. Mwanachama anayekwenda mkutano mkuu aulize mambo matatu kabla ya kuuliza nani kasajiliwa: hesabu zilizokaguliwa ziko wapi, mkataba wa jezi unailipa klabu kiasi gani, na uwanja utaanza kujengwa lini. Asilimia 51 ni mamlaka ya kudai majibu hayo, na inafaa itumike wakati timu inashinda na fedha zinaingia.