Volti Mia Nne kwa Kazi ya Atomu (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliifungua amplifaya ya volteji kubwa na kuona kilichomo ndani. Leo tunaiwasha. Anayetaka kuiendesha vizuri aanze kwa kuuliza amplifaya inalisha nini, kwa sababu kiwango sahihi cha ukuzaji hutokana na kile kilichofungwa upande wa kutokea.

Tuchukue mfano wa hadubini inayoona atomu mojamoja. Gerd Binnig na Heinrich Rohrer waliijenga katika maabara ya IBM huko Rüschlikon, karibu na Zürich, mwaka 1981, na mwaka 1986 wakapata Tuzo ya Nobel ya Fizikia, wakigawana na Ernst Ruska. Ncha kali ya metali husogezwa karibu sana na uso wa kitu bila kuugusa, na elektroni huvuka pengo lililobaki. Pengo likiongezeka kwa sehemu moja tu ya kumi ya nanomita, mkondo hupungua takribani mara kumi. Hakuna skrubu inayoweza kusogeza ncha kwa utulivu wa namna hiyo. Kazi hiyo hufanywa na kauri ya piezo, ambayo hurefuka au kufupika inapowekewa volteji. Ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa chaji ya umeme. Hapa tunatumia njia ya kinyume chake.

Kompyuta inayoongoza hadubini hutoa volti 10 za hasi hadi volti 10 za chanya, basi. Kauri inataka mamia. Hapo ndipo amplifaya inapoingia, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukimbilia kupandisha ukuzaji hadi mwisho, wakidhani nguvu zaidi ni uwezo zaidi. Tupige hesabu. Tuseme kauri husogea nanomita 5 kwa kila volti, na kompyuta hutoa volteji kwa ngazi za biti 16, yaani ngazi 65,536 katika volti 20. Kila ngazi ni kama milivolti 0.3. Ukuzaji ukiwa mara 40, unaweza kutembeza ncha katika eneo la nanomita 4,000, lakini kila ngazi inakuwa milivolti 12, na ncha inaruka nanomita 0.06 kwa hatua moja. Vilima vya atomu kwenye uso wa metali iliyopangika vizuri huweza kuwa na kimo cha nanomita 0.01 tu. Umeshavipoteza kabla hujaanza kupima! Shusha ukuzaji hadi mara 2: eneo linabaki nanomita 200, ambalo ni kubwa kwa maelfu ya atomu, na hatua inapungua hadi nanomita 0.003. Mngurumo wa umeme ulioingia kwenye waya wa kompyuta nao unakuzwa mara 2 badala ya 40. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na ninausisitiza: tumia ukuzaji mdogo kabisa unaotosha kazi uliyo nayo, kisha ijaze nafasi yote ya volti 10 upande wa kuingilia.

Namba zilizoandikwa kuzunguka kitufe cha ukuzaji zisiaminiwe peke yake. Kabla ya kufunga kauri, ingiza volti 1 tulivu, pima zinazotoka kwa mita iliyoidhinishwa kwa volteji hiyo, ndipo urekebishe. Usibadilishe ukuzaji huku ncha ikiwa karibu na uso. Volteji yoyote iliyopo upande wa kuingilia itazidishwa papo hapo kwa kiwango kipya, kauri itaruka, na ncha itajikita kwenye sampuli.

Kingine ni kasi. Kwa amplifaya, kauri ni kapasita, na kapasita hudai mkondo kila volteji inapobadilika. Kauri ya nanofaradi 10 ikiendeshwa kwa wimbi laini la volti 200 za kilele, mara 1,000 kwa sekunde, hudai karibu miliampia 13. Amplifaya yenye kikomo cha miliampia 10 haitalalamika. Itageuza wimbi lako kuwa pembetatu, na picha itapindika bila wewe kujua. Ndiyo maana oskiloskopu ikae upande wa kutokea muda wote wa majaribio, kwa proba inayostahimili volteji hiyo.

Sasa usalama, na hapa sitaki mtu asome harakaharaka. Swichi za kinga zinazofungwa majumbani kwa kawaida hukata umeme ukivuja kiasi cha miliampia 30. Amplifaya nyingi za maabara hutoa zaidi ya hapo, na swichi hiyo haitaona kitu, kwa kuwa transfoma imetenganisha mkondo wa ndani na umeme wa ukutani. Mwili wako utapigwa huku swichi imetulia. Zima kwanza, ndipo uguse waya.

Na kuzima peke yake hakutoshi. Kauri kubwa za tabaka nyingi, zenye mikrofaradi kadhaa, hubaki na chaji. Usiziunganishe nyaya zake moja kwa moja, maana kauri ikijikunja ghafla inaweza kupasuka. Pitishia kwenye kinzani cha kiloomu 10: kauri ya mikrofaradi 5 humaliza chaji yake katika robo ya sekunde. Kisha acha nyaya zikiwa zimeunganishwa hivyo hivyo hata ukiihifadhi kabatini, kwa sababu joto likibadilika, au kauri ikigongwa, itajizalishia volteji yenyewe.

Itaendelea.