Shule Bila Ukumbi Inaweza Kufunza Mpira wa Vinyoya

Katika shule nyingi za upili, mpira wa vinyoya, yaani badmintoni, bado huonekana kuwa mchezo wa klabu na wa shule zenye kumbi kubwa. Dhana hiyo huwanyima wanafunzi nafasi, hasa sasa ambapo Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mmoja wa mikondo mitatu ya masomo kuanzia Gredi ya 10. Mwalimu aliye na uwanja wa voliboli, kamba na raketi chache anaweza kuanza. Yapo mambo manne ya kuzingatia.

Mahali

Uwanja wa badmintoni una urefu wa mita 13.40 na upana wa mita 6.10 kwa wachezaji wanne, au mita 5.18 kwa wachezaji wawili. Uwanja wa voliboli ni mita 18 kwa 9, hivyo huo wa badmintoni unaingia ndani yake na nafasi ikabaki. Mistari huchorwa kwa chokaa au jivu. Wavu huwa na kimo cha mita 1.55 kwenye nguzo. Pasipo wavu, kamba iliyokazwa kwa kimo hicho na kufungwa vitambaa ili ionekane inatosha.

Tatizo kubwa la kuchezea nje ni upepo, kwa sababu kinyoya kina uzito wa takriban gramu 5 pekee. Vipindi vya asubuhi vinafaa zaidi kuliko vya alasiri, na uwanja uliokingwa na jengo la madarasa au ua wa miti ni bora kuliko ulio wazi.

Kinyoya

Jiji la Nakuru liko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Molo ni zaidi ya mita 2,400. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hivyo kinyoya kilekile huenda kasi na mbali zaidi. Mwanafunzi huona kila pigo likitoka nje, akadhani hana kipaji, kumbe amepewa kinyoya kisichofaa.

Vinyoya vya nailoni kwa kawaida hutiwa alama ya rangi: kijani ni vya polepole, bluu vya wastani na nyekundu vya kasi. Shule za Nakuru zichague kijani. Ili kukipima, mwalimu husimama kwenye mstari wa nyuma wakati hakuna upepo, akakipiga kwa nguvu zote kutoka chini kwenda juu. Kinafaa kikianguka kati ya sentimita 53 na 99 kabla ya kufikia mstari wa nyuma wa upande wa pili.

Mpangilio wa darasa

Wanafunzi 40 wenye raketi 10 hawahitaji kupanga foleni. Wagawanywe wannewanne: mmoja apige, mmoja amrushie kinyoya kwa mkono, wa tatu aokote na wa nne ahesabu. Baada ya mapigo 10 wabadilishane. Anayesubiri asimame mbali na raketi inayopigwa. Wote wafunzwe kuwa kinyoya kikipigwa kwa nguvu kutoka karibu kinaweza kuumiza jicho.

Mfuatano wa mafunzo

Kwanza ni kushika raketi. Mwanafunzi huishika kama anayemsalimia mtu kwa mkono, bila kuikaza. Vidole hukaza tu wakati wa kupiga. Kisha hukirusha kinyoya juu kwa raketi mara nyingi bila kukiangusha, ili jicho na mkono vizoeane.

Hatua ya pili ni kupigiana wawili wawili, umbali wa mita tatu hivi, kabla ya kuweka kamba. Ya tatu ni miguu: kupiga hatua ndefu kwa mguu wa upande wa raketi, kisha kurudi katikati ya uwanja. Ya nne ni kuanzisha mchezo, na hapa kinyoya kizima lazima kiwe chini ya mita 1.15 kutoka ardhini kinapopigwa.

Pigo la nguvu kutoka juu, ambalo kila mwanafunzi hulitamani, lije mwisho. Wanaoanza nalo huvunja vinyoya na kuzoea makosa ambayo baadaye ni vigumu kuyaondoa.

Mchezo kamili huchezwa hadi pointi 21, na mshindi ni anayetwaa seti mbili kati ya tatu. Kwa wanaoanza, pointi 11 zinatosha ili wengi wapate zamu.

Wapi pa kuuliza

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, michezo na viwanja vyake ni miongoni mwa majukumu ya kaunti, nayo elimu ya shule za upili iko chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo ombi la vifaa vya shule huanzia kwa mwalimu wa michezo na bodi ya usimamizi wa shule. Kuhusu viwanja vya umma, wakazi waulize katika ofisi ya kaunti inayoshughulikia michezo.