Mafunzo ya Mlezi Yasiishie Wodini

Mwaka 2004 jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa Lalit Kalra na wenzake wa Uingereza, na wengi wanaohudumia wagonjwa wa kiharusi wakapata matumaini. Wagonjwa walikuwa 300, kila mmoja na ndugu wa kumwuguza. Baadhi ya ndugu hao walifundishwa kwa vitendo wodini, kabla mgonjwa hajaruhusiwa. Mwaka mmoja baadaye walikuwa hawajaelemewa kama wenzao wasiofundishwa, wasiwasi na sonona vimepungua, na hata gharama za huduma zimeshuka.

Mafunzo yenyewe yanataka utulivu. Chukua kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani hadi kitini. Wengi hudhani kinachotakiwa ni nguvu, kumbe ni mpangilio. Unasimama mbele yake, unalizuia kwa goti lako goti lake la upande uliopooza lisije likakunjika, yeye anainamia mbele, mnahesabu pamoja ndipo mnanyanyuka. Ukimvuta kwa mkono uliopooza unaweza kumuumiza bega, na maumivu hayo humkalia muda mrefu. Jambo hili halifundishiki kwa kuelekezwa mlangoni, begi likiwa mkononi na gari linasubiri nje.

Basi mafunzo hayo yakapanuliwa. Jaribio lililoitwa TRACS, likiongozwa na Anne Forster, lilifanyika katika vitengo 36 vya kiharusi nchini Uingereza, kwa wagonjwa 928 na walezi wao. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2013: baada ya miezi sita, vitengo vilivyopewa mpango huo wa mafunzo na visivyopewa havikutofautiana, si kwa uwezo wa wagonjwa wala kwa mzigo wa walezi.

Waliofuatilia utekelezaji waliona kilichotokea. Watumishi wachache walihudhuria semina, wakategemewa wawafundishe wenzao. Kumbe kila wodi ilikuwa na mazoea yake, mahusiano yake kazini, na mabadiliko mengine ya sera yaliyokuwa yakiisukuma wakati huohuo. Mpango ukashika mahali fulani, kwingine ukalegea.

Watafiti wenyewe waligusia jambo ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi: huenda siku za mwanzo baada ya kiharusi si wakati wa kumfundisha mlezi. Nami naamini hivyo. Mtu ambaye juzi tu baba yake alikuwa anatembea, leo anaitikia kila anachoambiwa bila kukishika. Maswali yake huja nyumbani, usiku, mbele ya mlango wa choo usiopitisha kiti cha magurudumu. Mpango ulipendekeza mlezi afuatwe nyumbani baada ya mgonjwa kuruhusiwa, lakini kama nyongeza tu, huku uzito wote ukibaki hospitalini.

Wanaopanga miradi ya utengamao waanze na nyumbani: saa za mtumishi kwenda huko, nauli yake, na mtu wa kushika zamu yake wodini. Semina ifuate baadaye. Na wewe mwenye mgonjwa anayekaribia kuruhusiwa, usikubali kuonyeshwa tu. Omba umhamishe mwenyewe, mtaalamu akiwa amesimama pembeni anakusahihisha, kisha uulize ni nani utakayempigia simu wiki ya pili.